Angani, Kiwanja Namba Ngapi?

Huu ni mwaka wa tatu nafagia ofisi inayogawa masafa ya redio. Shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma najua, na anayefuta meza kila asubuhi huona mengi kuliko anayeikalia.

Faili la mdogo wangu nililiona siku lilipoingia. Yeye na wenzake chuoni wameunda satelaiti ndogo, haizidi mkate, ya kupima maji ya mito kabla hayajatufuata vitandani kama mwaka ule wa mafuriko. Lakini satelaiti isiyo na masafa yake ni bubu. Itaruka, itazunguka, na neno haitasema. Wenye roketi nao walisema wazi: bila barua ya ofisi yetu kwamba masafa yameshaombwa kwenye ofisi ya dunia inayoyasimamia, haipandi. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana. Baada ya hapo nafasi wanapewa wengine.

Miezi minane faili lilikaa. Bosi wa kitengo, ambaye sisi wafagiaji tunamwita Kiambatisho kwa sababu hajawahi kupokea karatasi bila kudai nyingine, alilisokomeza chini ya feni ili feni isitikisike. Kila asubuhi nililipangusa, nikalirudisha. Mdogo wangu alishanionya: "Dada, usiseme kitu, utafukuzwa bure. Mambo yatafuata utaratibu."

Utaratibu!

Ijumaa yenyewe, saa nne, mdogo wangu akaja. Mimi nilikuwa nafuta dirisha.

"Faili lenu halijafika mezani kwangu," Kiambatisho akasema huku anakoroga chai.

"Mzee, tulilileta wenyewe, likagongwa mhuri hapo mapokezi."

"Haraka haraka haina baraka, binti."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mzee."

Mdogo wangu alisema hivyo midomo ikimtetemeka. Namjua tangu namfunga nepi. Akitetemeka midomo, kilio kiko mlangoni. Nikatupa kitambaa kwenye ndoo.

"Liko chini ya feni," nikasema.

Kiambatisho akageuka. "Wewe umeajiriwa kufagia au kusoma mafaili?"

"Kufagia, mzee. Ndiyo maana najua lililoota vumbi."

Akalichomoa. Feni ikaanza kuyumba kama mlevi. Akafungua ukurasa wa kwanza, akagonga kwa kidole.

"Ona sasa. 'Mahali mnara utakaposimama.' Mmejaza nini? 'Angani.' Angani, kiwanja namba ngapi? Barua ya mwenye ardhi iko wapi?"

Nikadhani anatania. Wapi! Fomu ilikuwa ya stesheni za redio. Ya satelaiti hawakuwa nayo, na hakuna aliyejisumbua kuwaambia wale vijana.

"Mzee, haisimami," mdogo wangu akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Inazunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu."

"Basi leteni barua ya kila mwenye ardhi itakayempitia juu."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Ule mlingoti wa kuongea nayo mmeusimamisha wapi?"

"Juu ya paa la maabara. Tumeandika ukurasa wa nne, na namba ya kiwanja, na barua ya chuo chenye ardhi."

Kiambatisho akautafuta ukurasa wa nne. Karatasi zilikuwa bado zimegandana. Miezi minane hajazitenganisha!

"Si mngesema!" akafoka, kana kwamba kosa ni letu. Ombi likatumwa ofisi ya dunia, barua ikachapwa, mhuri ukashuka, pa! Mdogo wangu akaruka ngazi mbili mbili. Saa sita kasorobo akanipigia: "Dada, wameipokea!"

Nikakaa juu ya ndoo nikalia. Si kwa furaha. Miezi minane ya watoto wa watu kukosa usingizi, kumbe dawa yake ilikuwa kufungua ukurasa.

Saa sita na nusu nikaitwa. Barua ya onyo: nimesoma nyaraka za ofisi bila ruhusa. Imechapwa vizuri, ina mhuri, ina sahihi mbili. Nusu siku haikuchukua, wala haikudai kiambatisho hata kimoja.

"Weka sahihi hapo chini uende," Kiambatisho akasema.

Nikaisoma yote, neno kwa neno, asije akasema sijui kusoma. Nilipofika penye "Mahali kosa lilipotendeka", nikaweka kalamu mezani.

"Mzee, hapa mmeandika 'ofisini' tu."

"Sasa?"

"Ofisini, kiwanja namba ngapi?"