Suruali ya Fundi Bomba

Suruali ile ililetwa imekunjwa vizuri mno, na hapo ndipo nilipoanza kushuku. Kwa miaka kumi na mmoja nimekaa na cherehani yangu barazani pa kituo cha polisi, chini ya tangazo linalosema huduma zote hapa ni bure, na sijapata kumwona askari anayejua kukunja nguo. Sare zao huniletea zimeviringishwa kama nepi. Lakini asubuhi ile ya Jumatano Sajini alikuja na bahasha kubwa ya kaki, akaitoa suruali kwa mikono miwili, akailaza juu ya meza yangu polepole, kama anayelaza mtoto asiyetaka aamke.

"Mume wangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyowaita wote, wajukuu zangu wa kujipa, "leo umeniletea posa?"

Siku nyingine angenijibu kwamba haoi mwanamke asiye na meno ya kutafunia mahari. Siku ile hakucheka. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuta stuli ya wateja, akaketi.

"Bibi, kuna kazi ndogo. Utoe huu mpira wa kiunoni. Halafu utoboe matundu mawili hapa mbele, ya kupitishia kamba. Uyazungushie uzi vizuri, yaonekane ya siku nyingi."

Nilikuwa sijaigusa, lakini nilishaijua. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, ila kwa upande wa suruali nimefika chuo kikuu. Kitambaa cha kahawia. Mfuko wa kulia umeshonwa mara tatu kwa sababu ya spana. Niliikata mwenyewe, kwa mkasi huu huu. Ilikuwa suruali ya Fundi Bomba, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, baba wa pacha wawili wa kike, ambaye tangu jana yake alikuwa amelala katika chumba cha maiti.

Karatasi ya polisi, ile aliyosomewa mkewe pale kaunta, ilisema amejinyonga mahabusu kwa kamba ya suruali yake.

Sasa, Fundi Bomba alipasuliwa ngiri miaka minne iliyopita. Alipotoka hospitali alinijia akitembea kama bata, akaniambia, "Bibi, kamba inanikata penye kovu. Nitilie mpira." Tangu hapo hakuvaa suruali yenye kamba. Nilikuwa nalijua hilo mimi, na mkewe, na kovu lake.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mzee akitaka kufikiri lazima ajifanye anafuta kitu.

"Ili iweje?" nikauliza.

"Ijumaa hakimu anasikiliza habari ya kifo. Atataka kuiona nguo. Karatasi inasema kamba, nguo inasema mpira. Inabidi vikubaliane."

"Basi irekebisheni karatasi."

"Karatasi ina mhuri, Bibi."

"Na nguo ina mshono wangu."

Akainamisha kichwa. Akatoa mfukoni kamba nyeupe, akaiweka juu ya meza ili nipime ukubwa wa matundu. Ilikuwa na mikunjo ya pakiti, imenyooka kama mstari wa daftari. Haikuwahi kufungwa fundo hata moja tangu itoke dukani.

"Sikuwepo," akasema kwa sauti ndogo. "Naapa, Bibi. Niliingia zamu asubuhi nikakuta yameshatokea. Nimepewa tu niyamalize. Nina watoto mimi."

"Na yeye alikuwa na nini? Kuku?"

Hilo halikumchekesha, wala mimi sikulisema kwa kuchekesha.

Niseme ukweli wangu hapa, maana hadithi hii si ya Sajini peke yake. Nilikuwa mtu wao. Walinipa kona ya baraza, nami nikawapa ulimi wangu. Askari mpya alipohamishiwa pale alikuja na kiuno cha nyigu; baada ya mwaka nilikuwa nampanulia suruali, na baada ya miwili naongeza kitambaa cha ubavuni. Kwa viuno vyao tu nilijua mambo ya barabarani kuliko waziri wao. Nilicheka nayo. Watu wa mtaani walipoacha kupita mbele ya kituo, wakizunguka nyuma ya soko ili wasikutane na yeyote mwenye sare, waliniuliza, "Wewe huogopi?" Nikawajibu, "Nimewapima mapaja wote, nitawaogopaje?" Wakacheka. Nami nikajiona mjanja.

Katika miaka hiyo kumi na mmoja, Fundi Bomba alikuwa wa tatu kufa mle ndani kwa kamba ya suruali. Aliyeandika karatasi alishazoea; mkono wake uliijua njia, hata kuitazama nguo hakuitazama. Na mimi je? Wale wawili wa kwanza nilisikia habari zao, nikasema maskini, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Jumatatu nilimwona wanamwingiza. Walikuwa wamemkamata kwa kumuuliza koplo, mbele ya watu, kwa nini anampiga mateke muuza mkate. Alikuja kwa miguu yake, mkoba wa spana begani, koplo kamshika kiunoni kwa nyuma, na ule mpira ukivutika. Aliponipita akanikonyeza. "Bibi, mwambie mama pacha asinisubiri chakula."

Nikamwambia. Na laiti ningeishia hapo. Mkewe alikuwa ameshavaa viatu, anataka kumfuata kaka yake anayemjua wakili, waende kituoni pamoja. Mimi nikamshika mkono, nikamketisha. "Huna haja, mwanangu. Pale pana wajukuu zangu. Kesho asubuhi utamkuta analalamikia chai." Akavua viatu. Nilimtazama akivivua, nikafurahi kwamba neno langu lina uzito.

Basi nikiwa nimeishika suruali ile, viatu vile ndivyo nilivyokuwa naviona.

Ningekataa? Nilifikiri. Ng'ambo ya barabara yuko fundi mwingine, kijana, mikono myepesi, haulizi. Angeimaliza kabla ya chai ya saa nne, na ingekuwa safi kuliko ya mwanzo. Nikikataa mimi ningebaki na moyo mweupe, na Fundi Bomba angebaki na kamba yake.

"Rudi saa tisa," nikamwambia Sajini.

Alishusha pumzi kama mtu aliyevuliwa buti. "Mungu akuweke, Bibi."

"Ameshaniweka sana. Nadhani amesahau aliponiweka."

Nikafumua upindo wa kiuno, nikauvuta mpira ukatoka mzima, umelegea, umebeba rangi ya jasho lake. Nikauviringa nikautia kwenye kopo la vifungo. Nikatoboa matundu mawili mbele, nikayazungushia uzi niliousugua kwanza kwenye vumbi la baraza ili usionekane mpya. Kazi nzuri, najisifu. Kisha, kabla ya kuufunga upindo, nikashona tena kwa ndani, kwa mkono, sindano nyembamba kabisa, uzi wa kahawia ile ile: kulia, urefu wa kidole kutoka kwenye tundu, mstari wa kusimama, kushoto vivyo hivyo. Nikaificha mistari hiyo sambamba na mishono ya mifuko, mahali ambapo jicho la mwanamume halina shughuli. Kwa nje ilikuwa suruali ya kamba. Kwa ndani, njia ya kamba ilikuwa imezibwa kwa kuta mbili.

Saa tisa Sajini akachungulia tundu kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akachomeka ncha ya kamba, ikaingia kidogo, akaitoa. Akauvuta upindo, akaona umelegea, hauna mpira.

"Safi," akasema. Ila hakuondoka mara moja. Alisimama ameishika bahasha, akinitazama, midomo ikitaka neno. Nami nikajifanya natunga uzi kwenye sindano iliyokwisha kutungwa.

Jioni nilibisha mlango wa jirani. Pacha walikuwa sakafuni wanapanga mabomba mafupi ya baba yao, wanajenga nyumba. Mama yao hakunikaribisha kiti. Nikaketi mwenyewe, magoti yangu hayana adabu ya kusubiri.

Nikamweleza yote. Suruali, kamba ya pakiti, matundu. Nikaweka mpira wa mumewe mezani. Aliutazama muda mrefu bila kuugusa.

"Uliniambia nisihofu," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimevaa viatu, Bibi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Mtoto mmoja akaniletea kipande cha bomba nikishike, nikakishika.

"Ijumaa," nikasema, "watakwambia utie saini, umzike, yaishe. Usitie. Sema una ombi moja tu: kamba irudishwe ilipotoka. Mbele ya hakimu. Usieleze, usilie, usibishane. Ombi moja."

"Na wakikuuliza wewe?"

"Nitajua hapo hapo."

Akauchukua mpira, akauzungusha kwenye kiganja, mara moja, mara mbili, ukamwishia mkononi. "Sikusamehe," akasema.

"Sikuja kuomba hilo."

Ijumaa chumba cha hakimu kilikuwa kidogo, madirisha yamefungwa kwa misumari, feni inazunguka bila kupuliza. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Mkuu wa kituo alikaa mbele, shati langu mgongoni; namaanisha nililolishona mimi. Sajini alisimama kando ya meza ya vielelezo. Mimi nilijibanza benchi la nyuma kabisa.

Karatasi ilisomwa. Kamba ikaonyeshwa, sasa ilikuwa na fundo, walikuwa wamelikumbuka. Suruali ikaonyeshwa. Yote yalikubaliana. Hakimu alishafungua kalamu.

"Mke wa marehemu ana neno?"

Akasimama. Alikuwa amevaa viatu vile vile. "Nina ombi moja, mheshimiwa. Naomba kamba irudishwe ilipotoka."

Mkuu wa kituo akacheka kidogo kwa pua. "Mheshimiwa, haina haja..."

"Ina ubaya gani?" hakimu akasema. Akaichukua suruali, akaisogeza karibu na miwani, akayapapasa yale matundu kwa kidole gumba kama mtu ambaye naye amewahi kushona nyumbani kwake. "Nani ana pini?"

Watu wakaangaliana. Mimi ndiye mwenye pini, siku zote. Ninazo tano kifuani kama nishani. Nikachomoa moja, ikapitishwa mkono kwa mkono, benchi hadi benchi, mpaka mbele. Sajini ndiye aliyeipokea. Aliitambua. Nikamwona anaigeuza, ile yenye kichwa kilichopinda ambayo hunitania kwayo kila siku, na shingo yake ikakakamaa. Angeweza kusema neno wakati ule. Akampa hakimu.

Hakimu akaifunga pini kwenye ncha ya kamba, akaiingiza tundu la kulia, akaisukuma kwa vidole kupitia kitambaa, kama tunavyofanya sisi sote. Ikaenda urefu wa kidole. Ikasimama. Akaitoa, akajaribu la kushoto. Ikaenda urefu wa kidole. Ikasimama.

Feni ilizunguka. Mkuu wa kituo hakucheka tena kwa pua wala kwa mdomo.

Hakimu akaigeuza suruali nje ndani, akaupeleka upindo kwenye mwanga wa dirisha. Nilijua anaona nini: uzi mpya, mkono wa zamani. Mke wa Fundi Bomba akafumbua kiganja, akauweka ule mpira juu ya meza bila kusema lolote, kisha akarudi kuketi.

"Nani ameshona hapa?" hakimu akauliza.

Mkuu wa kituo alimtazama Sajini. Sajini aliitazama sakafu, na sikuweza kusoma usoni mwake kama anaomba ninyamaze au anaomba niseme. Wajukuu zangu wote walikuwa pale mlangoni, suruali zao zimenyooka, kila kiuno nimekipima mimi.

"Nimeuliza, nani ameshona hapa?"

Magoti yangu huchukua muda. Nikashika benchi la mbele kwa mkono mmoja, nikaanza kuinuka.