Pamba ya Sikio la Kulia

"Kesho twende ukapimwe. Daktari akisema masikio yako mazima, mimi nahamia kwa dada yangu. Siwezi kuzeeka nikizungumza na ukuta."

Mke wangu alisema hivyo mara tatu. Ya tatu ndiyo niliyoisikia.

Sikumlaumu. Miaka arobaini nimekuwa mtu wa kuaga: mara taniboi wa malori, mara mchimba visima, kila nikirudi nina begi na visingizio. Safari hii nilikuwa na miezi sita nyumbani, akiniita sigeuki, akiuliza sijibu. Angedhani nini? Kwamba mwili uko kitini, moyo umeshapanda gari.

Daktari wa masikio alikuwa binti, umri wa mjukuu wetu. Alininyooshea taa usoni, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, akapaza sauti.

"Baba, masikio unasafishia nini?"

"Ufunguo wa pikipiki."

"Na njiti ya kiberiti," mke wangu akanichongea. "Na kifuniko cha kalamu."

"Huku kulia kuna pamba."

Ndipo nikakumbuka. Kwenye malori tulikuwa tukiziba masikio kwa pamba, injini isitutie wazimu.

"Mwanangu, lori nimeacha mwaka jana!"

"Basi pamba haikupata habari."

Niliona mabega ya mke wangu yakitikisika. Kicheko chenyewe hakikunifikia.

Daktari aliichomoa kwa kibano, nyeusi, ngumu kama mbegu. Nyuma yake nta ilikuwa imeshindiliwa, na kushoto vivyo hivyo. Akauliza kama masikio yamewahi kutoa usaha. Nikasema hapana. Akanipa dawa ya matone ya kulainisha, siku tano.

"Kwa hiyo si jeuri?" mke wangu akauliza.

"Ni nta, mama."

"Haya. Dada yangu atanisubiri."

Siku ya sita nilishikilia bakuli chini ya sikio, daktari akasukuma maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano. Yaliyotoka sitayasimulia. Kushoto kukafunguka pwaa! Nikasikia viatu vya watu barazani, nikasikia bangili za mke wangu. Kulia kukabaki na ukungu.

"Huko ndani injini zimeshaharibu," daktari akasema. "Hakuoshwi. Sasa tupime hili zuri. Mama, simama nyuma yake, mnong'oneze namba. Baba, zirudie."

Akaniziba la kulia kwa kidole.

"Saba."

"Saba."

"Ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili."

Halafu mnong'ono mdogo kuliko yote, kama anayeongea na mto wake: "Unaondoka lini tena?"

Miaka arobaini hakuwahi kuniuliza. Labda aliuliza nikiwa nimeshafika barabarani.

"Baba, umesikia namba gani?"

"Haikuwa namba." Nilitazama bakuli mapajani. "Mke wangu, lile begi chini ya kitanda, tia vitunguu."

Bangili zililia; nadhani alikuwa akifuta macho.

"Vitunguu vitaoza humo, mzee. Vinataka hewa."

"Basi begi mpe dada yako."

Daktari akaandika kitu kwenye kadi yangu, ameinamisha uso.

Tulipotoka nje, mke wangu alisimama upande wa kulia, kama alivyozoea. Akawaza, akazunguka nyuma yangu, akanishika mkono wa kushoto, akaanza kunisimulia ile miezi sita, kuanzia siku ya kwanza.