Wewe ya Nyumbani

Bobe Mindl, bibi yangu aliyenilea, alipopigwa na kiharusi, Kihispania chote kilimtoka. Miaka sitini aliuza vitambaa kwa lugha hiyo hapa Villa Crespo, akivutana bei na nusu ya Buenos Aires, kisha asubuhi moja akaamka hana hata neno la kuombea maji. Alichobaki nacho ni Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa kwao Lublin, ng'ambo ya bahari, na mimi Kiyidi sikukijua. Ndiyo lugha ambayo wakubwa wa nyumbani kwetu waliitumia kusengenya watu mbele ya watoto, na walihakikisha hatuambulii kitu.

Nikamwendea Bwana Volovich, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Vilna, mji wa Kiyidi wa kaskazini mwa Lublin, mtu mkavu kama mkate wa juzi. Kila nikitoka kazini nilimpelekea orodha: mto, supu, dawa, unaumwa wapi. Yeye akatafsiri, mimi nikakariri kwenye basi mpaka abiria wakaniona nina kasoro. Akanifundisha pia kwamba Kiyidi kina "wewe" mbili: moja ya nyumbani, na nyingine ya heshima, ambayo mtu mmoja husemeshwa kana kwamba ni wengi.

"Kwa bibi yako utatumia ya heshima," alisema. "Usije ukaniaibisha."

Mwezi wa tatu wa masomo nikakaa kando ya kitanda, nikatoa sentensi yangu ya kwanza nzima.

"Bobe, mmelala vizuri? Mnataka supu?"

Bobe akanitazama. Akanyoosha shuka lake, akatoa lile tabasamu lake la dukani.

"Ahsanteni, mama. Mna moyo mwema. Mmesoma shule gani?"

Nilikwenda kulilia jikoni. Nimejifunza maneno mia tatu ili anijue, kumbe ananidhania mgeni aliyetumwa kutembelea wagonjwa. Wiki nzima ikawa hivyo: karibuni, mama, msijisumbue, mama. Mtu aliyenifuta kamasi! Nilichotaka ni kitu kimoja tu, aniite "wewe" ile ya nyumbani, nijue kwamba bado mimi ni wake. Volovich akasema hiyo ni dalili kwamba sarufi yangu imenyooka. Nilitamani kumpiga na kamusi yake.

Ijumaa nikaamua kumpikia samaki wa kusaga, yale madonge aliyokuwa akiyapika mwenyewe kila wiki huku mimi nikisubiri kula tu, bila kuangalia anatia nini. Nikamwomba Volovich anieleze mapishi kwa Kiyidi, nikayatafsiri neno kwa neno: kitunguu, yai, karoti, chumvi, pilipili manga nyingi. Nilijiona hodari kweli.

Bobe akaonja. Akaacha kutafuna. Akatema kwenye kitambaa, na uso wa dukani ukamtoka.

"Ng'ombe wewe," akasema. "Hii si samaki, hii ni adhabu ya watu wa Vilna. Kwetu Lublin samaki hutiwa sukari. Unataka kuniua? Nani kakulea, wewe?"

Wewe. Ile ya nyumbani, ya kutukania na ya kubembelezea. Nikakaa kitandani, nusura nimkalie magoti. Sentensi zote za Volovich zilinipotea, na adabu yake ikaenda nazo.

"Wewe," nikasema. "Umenilea wewe."

Alinikazia macho. Nilikuwa nalia, sikuona haya. Akainua mkono wake mmoja uliokuwa bado na nguvu, akanipangusa shavu kwa kitambaa kile kile chenye samaki.

"Basi nilikulea vibaya," akasema. "Kalete sukari."