Jego Lililong'olewa kwa Jina la Nusaiba

Daktari Masuma alikiweka kando kile kioo chake kidogo chenye mkia, akaitazama kompyuta, kisha akarudi kukitazama kinywa cha mtoto. Akafanya hivyo mara mbili. Moza, mama wa mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, alihisi jasho likimtambaa mgongoni ndani ya buibui.

"Nusaiba, hebu panua tena, mama," daktari alisema kwa upole. "Zaidi. Hapo hapo."

Nusaiba, binti wa miaka tisa, akapanua. Jego lake la chini, upande wa kushoto, lilikuwa na tundu jeusi lililomnyima raha ya kula tangu Ijumaa.

"Mwalimu Moza, njoo uone."

Moza akasogea.

"Hili linazibika, wala si kazi kubwa. Linalonishangaza ni jambo jingine. Kwenye kumbukumbu zetu jego hili halipo. Liling'olewa miezi saba nyuma, hapa hapa kwetu, kwa kadi hii hii ya bima."

"Labda limeota jingine," Moza alisema.

"Jino la utoto hung'oka likaota jingine. Hili ni jego la ukubwani. Likitoka limetoka."

Chumba kile hakikuwa na mlango uliofungwa, kilikuwa na pazia tu, na nje ya pazia palikuwa na benchi la wagonjwa. Mzee Pandu, aliyekuja kutoka Gando alfajiri na kinywa chake kilichobaki na meno ya kuhesabika, hakulikosa hata neno moja.

"Daktari! Kama majego siku hizi yaota tena, na miye niandikie! Nataka manne. Mawili ya nyama, mawili ya tambuu!"

Benchi zima likacheka. Moza naye akacheka. Baadaye, kati ya yote aliyoyafanya siku ile, kicheko hicho ndicho kilichomchoma zaidi alipokikumbuka.

"Subiri zamu yako, Mzee Pandu," Masuma alijibu, kisha akaishusha sauti. "Mwalimu, wasemaje?"

"Basi huenda aliyeandika alikosea."

Maneno yalitoka mepesi, kama ya mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi. Masuma alivua glavu moja, akaikunja.

"Aliyeandika ni Tabibu Anas. Sasa amehamishiwa Chake. Ameandika kwamba aling'oa, na mfuko wa bima ukailipia kazi yake. Kama jego lipo, maana yake alidai malipo ya kazi ambayo hakuifanya. Mimi sina budi kuripoti. Watamwita, na sijui kama atabaki kazini." Akamtazama Moza usoni. "Ndiyo maana nakuuliza vizuri. Miezi saba nyuma, ulimleta Nusaiba hapa au hukumleta?"

Nusaiba, kinywa wazi na pamba shavuni, aligeuza macho yake kwa mama yake. Hakuwa na haja ya kusema.

"Nipe dakika moja," Moza alisema, akatoka kupita barazani, mbele ya magoti ya watu, mpaka uani palipokuwa na bomba la mfereji.

Alimkumbuka Anas. Kijana mwembamba, mpole, aliyempa mtoto kidole gumba chake akishike na kumwambia, "Likikuuma, nibane, nami nitalia badala yako." Aliitazama ile kadi mara moja tu. Mwalimu wa skuli ya Ole ameleta mtoto na kadi ya mtoto. Nani angeuliza zaidi?

Mtoto yule alikuwa Widad, binti wa Badriya, dada yake Moza. Badriya alimwacha na miaka miwili alipokwenda Maskati, akaolewa huko, akazaa huko. Widad hakumjua mama mwingine. Hakumwita Moza khaleti kama watoto wengine wanavyowaita dada wa mama zao. Alimwita mama, akala sinia moja na Nusaiba, akalala naye kitanda kimoja. Katika ukoo wao ilikuwa aibu kubwa kumtaja mtoto kuwa ni wa kulea. Bibi yao alikuwa akisema anayemtenga mtoto kwa neno, amekwisha kumtenga kwa moyo.

Kisha ukaja mfuko wa bima ya afya, na fomu zikaletwa skuli kwa walimu wote. Watu walifurahi, kwani hata meno ya watoto yalikuwamo, na Pemba mtoto akiumwa jino alikuwa akipewa punje ya karafuu aiume na kuambiwa astahamili. Moza alimwandika Nusaiba mahali pa watoto wa kuzaa. Chini yake palikuwa na nafasi nyingine, ya watoto wanaolelewa, nayo ilitaka barua ya sheha, mkuu wa mtaa. Hapo kalamu ikasita.

"Mwandike basi," mumewe, Suud, alimwambia. "Ni karatasi tu."

"Karatasi husomwa. Siku akiisoma mwenyewe, nitamwambia nini?"

Akaiacha nafasi ile tupu. Na kwa muda mrefu alijiambia kwamba ameiacha kwa mapenzi.

Pale penye mfereji, maji yakidondoka juu ya saruji, aliona kwamba hayakuwa mapenzi matupu. Sheha angeuliza Badriya yuko wapi. Angeuliza mara ya mwisho alimjulia hali mtoto lini, na Moza angelazimika kujibu kwamba huu ni mwaka wa pili hata simu hajapiga. Hakutaka neno hilo liandikwe kwa wino wa ofisi, na mtaa mzima ujue. Alikuwa ameisitiri aibu ya dada yake kwa kinywa cha mtoto. Taya la Widad lilipovimba, na karafuu ya siku tatu isifue dafu, aliichukua kadi ya Nusaiba kabatini, akampa mtoto jina la mwenziwe.

Alirudi ndani. Alitamani pazia lile liwe mlango wa mvule, lakini lilikuwa pazia.

"Anas hakukosea," alisema. "Aling'oa kweli. Halikuwa jego la Nusaiba. Lilikuwa la Widad, mtoto wa dada yangu. Nilimpitisha kwa kadi ya mwenziwe."

Nje ya pazia, Mzee Pandu akakohoa kikohozi cha mtu ambaye hana kikohozi.

Masuma alikuwa binti wa Mufaddal, mwenye duka la vitambaa hapo Wete. Utotoni, Moza akitumwa dukani kununua uzi, Masuma mdogo alikuwa akimkimbilia na kumwita dada Moza. Sasa hakumwita dada wala mwalimu.

"Watoto wanaolelewa wamo kwenye bima," alisema. "Wamo. Ni barua ya sheha tu. Angetibiwa kwa jina lake."

"Najua."

"Na huyu Nusaiba, siku akiletwa hapa hajiwezi, daktari atasoma kinywa cha mtu mwingine. Hilo ulilifikiri?"

"Sikulifikiri."

Angemkaripia, pengine Moza angepata pa kushika. Masuma hakukaripia. Alimweleza kwa utaratibu kwamba leo atamzibia Nusaiba kwa dawa ya muda. Kwamba Moza aandike maelezo kwa mkono wake na atie saini. Kwamba kesho amlete Widad ili vinywa viwili vilinganishwe na kumbukumbu zisahihishwe. Kadi inaweza kusimamishwa. Mfuko ndio utakaoamua.

Moza akaandika. Mwandiko wake ulikuwa ule ule wa ubaoni, mzuri, ulionyooka, na kwa hilo pia aliona haya.

Kesho yake alifika na Widad, binti wa miaka kumi, mtulivu, aliyevaa sare ya skuli iliyopigwa pasi. Njia nzima Moza alitafuta namna ya kumweleza. Alichoweza kusema ni kwamba daktari anataka kuliona pengo lake.

"Karibu, binti," Masuma alisema. "Jina lako nani?"

Widad alimtupia Moza jicho la haraka, akasimama wima, mikono ubavuni.

"Naitwa Nusaiba Suud. Nina miaka tisa. Nasoma darasa la tatu."

Aliyasema kwa pumzi moja, bila kujikwaa, kama alivyofundishwa miezi saba nyuma. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba somo lile limekwisha. Kisha akatabasamu kidogo, akingoja asifiwe.

Masuma aliitua kalamu mezani. Moza akapiga magoti sakafuni, mbele ya mtoto.

"Widad, mwanangu. Leo usiseme hivyo."

Tabasamu likazimika. "Nimekosea, mama?"

"Weye hukukosea. Miye ndiye niliyekosea. Nilikufunza uongo, nawe ukaushika vizuri. Mwambie daktari jina lako."

Widad alifikiri. Alimtazama daktari, akaitazama karatasi iliyokuwa mezani yenye saini ya Moza, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi, "Nikisema, utafungwa?"

"Sitafungwa."

"Wallahi?"

Moza alikifungua kinywa kuapa, akakifunga. Hakujua mfuko utaamua nini, naye alikwisha kumdanganya mtoto huyu mara moja.

"Sijui," alisema. "Lakini sema."

Widad akaibana midomo yake. Akatikisa kichwa. Masuma alimuuliza tena, taratibu, jina lake nani, na mtoto akatikisa kichwa tena, machozi yakimjaa, midomo imebanwa kama aliyeificha peremende. Alikuwa akimlinda. Moza, aliyepiga magoti kwenye sakafu ya vigae mbele ya watu, aliona kwamba hakuna hakimu ambaye angemhukumu kwa namna hii.

Ikabidi aseme yeye.

"Anaitwa Widad Hamdan. Ni mtoto wa dada yangu, Badriya." Neno lililofuata lilikuwa zito, akalisukuma. "Namlea miye. Mamake hatuulizi, huu mwaka wa pili."

Masuma aliandika. Widad alitazama chini kwa muda, kama mtu aliyesomewa barua ambayo tayari aliijua. Kisha akapanda mwenyewe kwenye kile kiti kirefu, akalala chali, akapanua kinywa. Daktari akaanza kuyahesabu meno yake moja moja kwa sauti. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umening'inia nje ya kiti, ukipapasa hewani, ukitafuta mkono wa kushika. Moza aliuona. Alichelewa kidogo, kwa haya, kabla ya kumpa wake.