Reli Yangu Haijafika Taveta

Watu wa Voi wamenipa jina, Mama Treni, na kama wanadhani naona haya, wamekosea sana. Mimi ni Wakio, mjane wa Mwandawiro, muuza ndizi pale stesheni, na ndani ya nyumba yangu nina reli. Reli ya kutoka Voi hadi Taveta, juu ya mbao, kimo cha kiuno. Voi iko sebuleni kando ya dirisha. Mwatate iko kwenye kona, Bura iko nyuma ya viti, halafu reli inapita kwenye tundu nililotoboa ukutani kwa tindo na kuingia chumbani kwangu. Taveta itakuwa miguuni pa kitanda, Mungu akinijalia. Nilianza mwaka wa sabini na tatu. Sasa ni sabini na tisa, na ndiyo kwanza nimevuka Maktau.

Mnauliza mbona polepole? Njooni mfanye nyinyi! Reli zangu ni spoki za baiskeli, na spoki lazima nimngoje Kiilu, fundi wa baiskeli, apate gurudumu lililokufa. Mataruma, vile vipande vya kulazia reli, nayachonga kwa mlingoti wa mkonge, na mabehewa na madaraja nayakata kwa bati la makopo. Nikishauza ndizi, nikapika, nikafua, nabaki na saa mbili za mwanga. Siku nzuri napata shubiri moja. Siku mbaya nang'oa ya jana kwa sababu imepinda. Milima nimeifinyanga kwa magazeti na uji wa muhogo, na panya, washenzi wale, wameshakula mlima wa Bura mara mbili. Mara ya tatu nilichanganya na pilipili. Wakome!

Watu wakicheka, nacheka nao. Kinachoniudhi ni huruma. "Maskini, uchungu wa mume umempanda kichwani." Uchungu wa mume! Mwandawiro nilimpenda, na nilimlilia vya kutosha, lakini yule alikuwa karani wa duka, hata nyundo hakujua kushika. Reli naijenga kwa sababu naipenda. Nikiwa msichana kule Marungu nilikuwa nikisikia treni ikilia mbali, naacha mbuzi nakimbia kilimani kuitazama, na nilichapwa kwa ajili hiyo mara nyingi. Basi. Wanaume wana bao na pombe, na hakuna anayewauliza ni nani amewafia.

Sasa, binti yangu Lois akapata mchumba, Alexander, mwalimu, kijana mpole wa Mghange. Wazazi wake wakatuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kuleta posa. Jumanne akatokea shemeji yangu Obadiah, kaka mkubwa wa marehemu. Yeye ndiye mwenye kusema kwa niaba yetu siku kama hiyo. Alisimama mlangoni, akaitazama reli, akaguna.

"Mama Lois, haya makorokoro ya bati yatoke kabla ya Jumamosi."

"Hayatoki."

"Wakwe watasemaje? Kwamba wanaoa kwa mwanamke anayecheza?"

"Waseme."

"Basi sitasimama. Utaona kama watazungumza na sketi."

Niliposikia hivyo nilishika mkasi wangu wa bati, si kwa ubaya, ni mkono tu ulihitaji kushika kitu. Lakini Obadiah si mjinga. Akakaa, akalainisha sauti.

"Kuna njia nyingine. Tuseme ni kazi ya marehemu. Mume aliianza, mjane anaitunza. Kazi ya marehemu hakuna atakayeigusa wala kuicheka. Reli yako ibaki, posa ipite, sote tuwe na amani."

Lois alikuwa amesimama nyuma yake na machozi yakimlengalenga. "Mama, ni neno moja tu," akasema. "Na hata hulisemi wewe, atalisema baba mkubwa. Tafadhali."

Mnajua vile mtoto wako akikuomba. Kunyamaza kwangu wakakuchukua kuwa ndiyo, na mimi nikawaacha. Siku tatu zile sikuweka hata taruma moja. Nilikuwa naitazama kazi yangu kama mgeni.

Jumamosi wakaja: mzee Danson, baba yake Alexander, na mkewe Susan, na Alexander mwenyewe ndani ya koti lililombana. Tukaomba, tukakaa. Obadiah alikalia kiti kikubwa katikati, mimi nikakaa kigoda kando ya mlango wa jikoni. Kabla hata hawajaeleza kilichowaleta, mzee Danson alishasimama. Akaifuata reli kutoka Voi, ameinama, mikono nyuma. Akagusa daraja kwa kidole kimoja. Akanusa mlima wa Bura, akapiga chafya.

"Jamani," akasema, "hii imetengenezwa na nani?"

"Marehemu ndugu yangu," Obadiah akajibu upesi. "Mjane anatunza tu."

"Marehemu alikuwa fundi kweli kweli. Mikono ya namna hii haipatikani tena. Mama, una bahati ulikuwa na mume kama huyu."

Akanigeukia, akingoja niitikie. Obadiah akanitolea macho. Niliogopa, nasema ukweli. Nilimwona Lois kwenye pazia la jikoni, na nilijua nikifungua mdomo naweza kumvunjia nyumba hata kabla haijajengwa. Lakini vidole vyangu vilikuwa pale magotini, vina makovu ya bati miaka sita, na mtu anavishukuru vidole vya mwingine. Hasira ikanipanda, nami nikaiacha ipande.

"Mzee," nikasema, "marehemu alikuwa mtu mwema, lakini hapo hakupigilia hata msumari mmoja. Alikufa mwaka mzima kabla sijaianza. Hiyo ni kazi yangu. Yote."

Susan akaziba mdomo. Obadiah akasimama, akachukua kofia yake.

"Umeniaibisha mbele ya wakwe. Basi jisemee mwenyewe!" Akatoka, na mlango akaubamiza hadi behewa moja likaanguka.

Nikaliokota, nikalirudisha mahali pake. Kisha nikaacha kigoda changu, nikaenda kukaa kwenye kile kiti kikubwa.

"Haya, wageni wetu," nikasema. "Mmekuja na neno gani?"

Mzee Danson akaitupia macho kofia yake. "Kwetu hatujawahi kuzungumza posa na mama wa binti."

"Wala mimi sijawahi kuizungumza. Tutajifunza pamoja."

Hakucheka, lakini pia hakuchukua kofia yake. Alikaa. Ndipo Lois akatoka jikoni na birika, na mimi sikuthubutu kumtazama usoni. Nilimfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo kwamba mgeni ndiye humiminiwa kwanza, na mkwe kabla ya wageni wote. Akampita mzee Danson. Akampita Susan. Akampita hata Alexander wake. Akaja mpaka kwenye kile kiti kikubwa, akanimiminia mimi.

"Kunywa kwanza, Mama," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Una maneno mengi ya kusema."