Mlango wa Jalada la Lugano

Siku aliyoota ndoto hii, Atuganile alikuwa amechoka roho tangu asubuhi. Binti yake, Lugano, alikuwa ametoroka kambi ya darasa la saba, ile ambayo wanafunzi hulala shuleni wakijiandaa na mtihani, na aliapa harudi. Mwalimu alikuwa amebandika ubaoni orodha ya afya za watoto ili matroni ajue wa kuangaliwa, na mbele ya jina la Lugano shule nzima ikasoma: anakojoa kitandani. Mama wa watu alikwenda mbio mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, akaambiwa ana kikao, akasema asante, akarudi nyumbani. Asante ya nini, hata yeye hakujua. Alijitupa kitandani mchana kweupe, machozi hayajakauka, usingizi ukamchukua.

Akajikuta kwenye nchi tambarare yenye vijumba visivyohesabika, kila kimoja na jina la mtoto juu ya mlango, na ndani yake yamo yote ambayo mtoto huyo amewahi kuandikiwa: maksi, maradhi, makosa, hata vilio vya darasa la kwanza. Mwanamke mrefu, mpole wa sauti, alimpokea. "Naitwa Tahadhari," alisema. "Nifuate, wala usikimbie. Wanaokimbia hapa huipita nyumba ya mtoto wao bila kuiona."

Wakampita Uzembe, mlinzi mnene aliyekoroma juu ya rundo la funguo. Mbele wakamkuta Udaku kaketi kwenye baraza isiyo yake, kajitanda khanga mpya, anawakaribisha wapita njia. "Karibu, shoga! Humu mna mambo!" Nyumba ilikuwa ya Lugano, na haikuwa na mlango. Atuganile alipandwa na hasira, akamsukuma. Udaku alicheka tu. "Unanifukuza mimi? Nimekaribishwa. Muulize huyo wa ndani."

Ndani alikaa Haki, mwanamke mwenye uso mkavu, kashika karatasi.

"Nani kaung'oa mlango?" Atuganile aliuliza. "Ni mwalimu?"

"Mwalimu amekosa, na kosa lake liko palepale," Haki alijibu. "Lakini soma hii."

Ilikuwa fomu ya kikao cha wazazi, ile iliyopitishwa kutoka benchi la nyuma huku uji ukigawiwa, kila mzazi akisaini juu ya mgongo wa mwenzake, akidhani ni ya mahudhurio. Iliandikwa: naridhia shule itumie taarifa za mwanangu kama itakavyoona inafaa. Chini yake ilikaa saini ya Atuganile. Aliona aibu.

"Basi nimeshampoteza."

"Saini haikuondolei umama," Haki alisema. "Unaweza kusoma kila kilichoandikwa juu yake, kukataa kisichostahili, na kudai kilichobaki kifungiwe. Mimi humngoja mzazi aombe. Wewe hujaniomba."

"Nilikwenda!"

"Ulikwenda ukashukuru."

Atuganile alizinduka. Lugano alikuwa amesimama kando ya kitanda, anamtikisa bega. "Mama, unalia usingizini."

Ndoto hiyo haikuhitaji wa kuitafsiri. Kutwa nzima alikuwa amemkasirikia mwalimu, naye alistahili, lakini hasira ile ilimsaidia asijitazame mwenyewe. Akaketi, akamshika mtoto mikono yote miwili.

"Nilisaini karatasi bila kuisoma, mwanangu. Niliwaruhusu. Nisamehe."

Lugano alilia kwa sauti, na mama yake hakumwambia anyamaze. Alipotulia, Atuganile alijifunga kitenge. "Nakwenda kulisoma jalada lako lote. Na ile orodha itatoka ubaoni leo hii, nikiwa nimesimama pale."

"Nakuja na mimi," Lugano alisema, akifuta kamasi. "Lakini ukikuta jambo lingine humo, uniulize kwanza kabla hujamwambia mtu. Hata baba."

Asubuhi ile ile, akiwa njiani kurudi kutoka shuleni, Atuganile alikuwa amemsimulia jirani kila kitu.

"Nitakuuliza," alisema.