Simu Iliyodhani Imefika Nyumbani

Kasyoka alikuwa fundi wa nguo pale Mumbuni, mtu wa cherehani na kivuli, na mambo ya nyuki hakuyajua hata kidogo. Nyuki walikuwa wa mumewe, Musili. Sasa Musili alikuwa na miezi minane kaburini, mzinga wake wa mwisho ulikuwa bado unaning'inia mahali fulani nyuma ya vilima vya Lukenya, na kesho asubuhi tingatinga la machimbo lingeingia kung'oa miti yote. Jirani yao Ndunda, mrina asali, aliahidi kuja na pikapu jioni kuushusha, mradi tu aambiwe uko wapi. Na hilo lilijulikana na simu kuukuu ya marehemu peke yake, maana aliuwekea mzinga alama ya nyota kwenye ramani.

Simu hiyo haikushika laini tena. Ilibidi igawiwe intaneti na simu ya Kasyoka, iliyokuwa na MB mia tatu, salio sufuri. Binti yake Winfred alimhubiria tangu asubuhi: awashe hotspoti akifika njia panda, aone njia, azime. Kasyoka aliitikia ndio, ndio, kisha akafanya yake. Ili asihangaike, hotspoti aliipa jina na neno la siri yaleyale ya waifai waliyokuwa nayo nyumbani Musili akiwa hai. Alipofika njia panda nyuma ya Lukenya na kuiwasha, simu kuukuu ikajiunga yenyewe bila swali. Mama akajiona mjanja kweli.

Mjanja gani! Simu ilidhani imefika nyumbani, ikaanza kazi iliyozoea kufanya ikifika: kupandisha picha zake zote mtandaoni, moja baada ya nyingine. Zilipita juu ya kioo taratibu, huku nyasi zikimlalia magotini na upepo ukivuma kwa uvivu. Musili na ndoo ya asali. Musili amesinzia kochini, kofia usoni. Halafu mgongo wa Kasyoka mwenyewe, ameinamia cherehani, picha ambayo hakujua ilipigwa. Na nyingine ya mgongo huohuo, gauni tofauti. Na nyingine tena, mwaka baada ya mwaka. Jamani, kumbe alikuwa akitazamwa hivyo!

Alijua vizuri anatakiwa kuzima. Hakuzima. Alisimama pale kama mtu aliye katikati ya ndoto tamu, hadi ujumbe ulipoingia kwamba bando limekwisha.

Ramani ikafifia. Barabara zikapotea, majina yakapotea, kikabaki kioo cha kijivu chenye nyota moja na kitone cha buluu. Kasyoka akajilaani kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Alipogeuka kurudi, akaona kitone nacho kimegeuka. Akapiga hatua, kikasogea. Hakujua kwamba kitone hufuata setilaiti, hakili bando. Alichojua ni kwamba dunia yote imefutika na kuna mahali pamoja tu pa kwenda, basi akaenda, polepole, macho kwenye kioo, miba ikimvuta sketi, hadi kitone kikaingia ndani ya nyota.

Aliinua macho. Mzinga ulikuwa juu ya mgunga, umechongwa alama ya ukoo wao, mikato mitatu, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka.

Alimtumia Ndunda ile meseji ya bure ya kuomba apigiwe. Ndunda alipopiga, alimweleza mgunga, jiwe jeupe lililo chini yake, na umbali kutoka geti la ranchi alilopitia. Ndunda akamwambia asubiri hapohapo, maana mzinga hauhamishwi kabla nyuki wote hawajarudi nyumbani.

Kasyoka akakaa chini. Nyuki walirudi mmoja mmoja kwenye mwanga wa jioni, naye akaona haya kukaa kwao bila kusema kitu.

"Hodi," alisema. "Musili amekufa. Mtakuja kukaa na mimi."

'Amekufa' lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulitamka kwa miezi minane, na alilia hadi aliposikia pikapu ya Ndunda inapanda kilima.